Mario Bauzá: mpangaji muziki aliyeikutanisha jazi na ngoma za Cuba

Mario Bauzá, mpiga tarumbeta, mtunzi na mpangaji muziki mzaliwa wa Havana, aliaga dunia mjini New York tarehe 11 Julai 1993 akiwa na umri wa miaka 82. Kwa sehemu kubwa ya maisha yake alifanya kazi nyuma ya viongozi wa bendi waliokuwa mashuhuri kuliko yeye. Aliwaandalia muziki, akawatafutia wapigaji na kuwafunza vijana waliokuja kupata sifa duniani. Jazi inayochanganya ala za upepo za Harlem na ngoma za Waafrika wa Cuba hufundishwa leo katika vyuo vya muziki na kupigwa katika kumbi za mabara mengi. Muziki huo ulipata umbo lake kwa kiasi kikubwa mikononi mwa Bauzá. Hata hivyo, umma haukumfahamu kwa jina lake mwenyewe hadi alipokwisha kuwa mzee.

Makala haya yanaeleza maisha yake, yanafafanua kazi ya mpangaji muziki ni kazi gani, na yanaonyesha mahali ambapo historia hiyo inagusana na ile ya Kongo na Afrika Mashariki.

Mtoto wa Havana

Bauzá alizaliwa Havana tarehe 28 Aprili 1911, miaka 25 tu baada ya utumwa kufutwa nchini Cuba mwaka 1886. Katika utoto wake walikuwa bado hai wazee waliozaliwa utumwani. Kisiwa hicho kilikuwa kimepokea mamia ya maelfu ya Waafrika waliotekwa: Wayoruba, watu wa mpakani mwa Nigeria na Kamerun, na watu wa lugha za Kibantu kutoka eneo la Kongo. Kila kundi lilihifadhi ngoma zake, nyimbo zake na ibada zake kadiri lilivyoweza. Ngoma ndefu inayopigwa kwa viganja, ambayo dunia nzima sasa inaiita konga, hunasibishwa na watu hao wa Kongo.

Kijana Mario alilelewa na wazazi wake wa ubatizo, ambao walitambua mapema kipaji chake na kumpeleka kujifunza muziki wa Ulaya. Alisomea klarineti na oboe, akajua kusoma na kuandika noti, na akiwa bado kijana alishiriki katika okestra ya filharmonia ya Havana. Hivyo masikio yake yalikuwa na shule mbili. Ya kwanza ilikuwa darasa la noti, ambako kila sauti ina mahali pake kwenye karatasi. Ya pili ilikuwa mtaa, ambako ngoma zilifundishwa kwa kusikia na kwa kucheza.

Mwanamuziki mweusi wa Cuba, hata akiwa na elimu kamili ya muziki, alikutana na milango mingi iliyofungwa. Vilabu vya matajiri na hoteli kubwa vilipendelea wanamuziki weupe, na ngoma zenyewe zilidharauliwa na watu wa tabaka la juu kuwa kelele za washenzi. Mwaka 1926, akiwa na umri wa miaka 15, Bauzá alisafiri kwenda New York pamoja na okestra ya Antonio María Romeu, iliyokuwa ikienda kurekodi santuri. Huko aliiona Harlem. Aliona mtaa wenye kumbi za maonyesho, maduka na makanisa ya watu weusi, na wanamuziki weusi waliovaa vizuri na kuheshimiwa katika mitaa yao. Aliporudi Havana alikwisha kuamua moyoni kwamba maisha yake yangekuwa kule.

Tarumbeta ya wiki mbili

Alihamia New York mwaka 1930. Mwaka huohuo mjini humo, okestra ya Don Azpiazu ilirekodi wimbo wa muuza karanga, "El manisero", ulioimbwa na Antonio Machín, mwimbaji mweusi wa Cuba. Santuri hiyo ilivuma sana Marekani na Ulaya, na ikaufungulia muziki wa Cuba mlango mpana.

Machín alipounda kundi lake dogo alihitaji mpiga tarumbeta anayeufahamu mtindo wa Kicuba, na New York hawakuwa wengi. Bauzá wakati huo alikuwa mpiga klarineti na saksafoni. Kwa mujibu wa simulizi aliyoirudia mara nyingi, alimwambia Machín amnunulie tarumbeta, na baada ya muda wa wiki mbili hivi angekuwa tayari. Alifanya hivyo, akarekodi na kundi hilo, na tangu hapo tarumbeta ikawa ala yake kuu.

Mwaka 1933 aliingia katika bendi ya Chick Webb, mpiga ngoma aliyetawala ukumbi wa dansi wa Savoy, mtaani Harlem. Webb alikuwa mtu wa kimo kifupi aliyeumizwa uti wa mgongo na ugonjwa tangu utotoni, lakini hakuna bendi iliyopenda kushindana naye jukwaani. Kwa Bauzá, bendi hiyo ilikuwa chuo cha tatu. Noti alikwisha kuzijua. Alichojifunza hapo ni lafudhi ya jazi: namna ya kuchelewesha sauti kidogo, kuikata, au kuiacha ibembee juu ya mapigo. Hakukawia kuteuliwa mkuu wa muziki wa bendi, yaani mtu anayeongoza mazoezi na kuhakikisha kila sehemu inapigwa inavyopaswa. Ni katika bendi hiyo ndipo Ella Fitzgerald, aliyejiunga nayo mwaka 1935, alianza kupata jina.

Kiti alichomwachia Gillespie

Baada ya kuondoka kwa Webb mwaka 1938, Bauzá alipiga na bendi nyingine kadhaa kabla ya kuingia ile ya Cab Calloway mwaka 1939. Wakati huo alikuwa akimfahamu kijana mmoja mwenye kipaji cha ajabu ambaye hakuwa na kazi ya uhakika. Jina lake lilikuwa Dizzy Gillespie. Bauzá alijua kwamba Calloway hangemwajiri mtu kwa maneno matupu. Basi usiku mmoja alijifanya mgonjwa, akamtuma Gillespie aende akakikalie kiti chake. Calloway alimsikia, na kijana akapata kazi.

Kisa hicho kimesimuliwa na wote wawili, na kinaeleza tabia ya Bauzá kuliko sifa yoyote. Kwa miezi mingi walikaa bega kwa bega katika safu moja ya tarumbeta, na wakati wa mapumziko Bauzá alimweleza Gillespie mipigo ya Cuba. Mbegu hiyo ilichukua miaka saba hivi kuota, kama itakavyoonekana mbele.

Bendi iliyojitaja kwa asili yake

Huko Havana, Bauzá alikuwa na rafiki wa tangu ujanani, mwimbaji Francisco Raúl Gutiérrez Grillo, maarufu kwa jina la Machito. Urafiki huo uligeuka kuwa udugu pale Bauzá alipomwoa Estela, dada yake Machito. Machito alifika New York mwaka 1937, na mwaka 1940 mashemeji hao wakaanzisha bendi. Machito alikuwa mwimbaji na uso wa bendi. Bauzá, aliyemaliza kazi yake kwa Calloway na kujiunga rasmi mwaka uliofuata, akawa mkuu wa muziki.

Bendi ilijiita Machito and his Afro-Cubans. Leo jina hilo halimshtui mtu, lakini mwaka 1940 lilikuwa tamko. Katika hoteli na vilabu vya katikati ya New York, bendi zilizopiga muziki uliouzwa kwa jina la rumba ziliongozwa kwa kawaida na watu weupe, na wanamuziki wenye ngozi nyeusi walifichwa au hawakuajiriwa kabisa. Wacuba wengi wenyewe hawakupenda kutajiwa Afrika. Bauzá na Machito waliliweka neno hilo mwanzoni mwa jina la bendi, likasomeka kwenye kila tangazo la dansi. Walikuwa wakisema kwamba muziki huo una wenyewe.

Mwaka 1943 Machito alipochukuliwa jeshini, aliletwa kutoka Havana Graciela, dada yake wa kulelewa pamoja, aliyekuwa mwimbaji wa Anacaona, bendi ya wanawake watupu. Machito aliporejea, Graciela alibaki, na bendi ikawa na waimbaji wawili wa kiwango cha juu. Kijana mwingine aliyepitia bendi hiyo katika miaka ya mwanzo ni Tito Puente, mpiga timbale aliyekuja kuwa maarufu kuliko wote.

Kazi ya mpangaji muziki

Mpangaji muziki ni mtu anayechukua wimbo au wazo la wimbo na kuamua kila ala itapiga nini, wakati gani na kwa nguvu gani. Mtunzi anaweza kuleta sauti moja tu ya kuimbika, na mpangaji ndiye anayeigawa kwa watu kumi na watano. Anapofanya kazi vizuri, msikilizaji hamfikirii hata kidogo. Anamfikiria mwimbaji.

Tatizo alilokabiliana nalo Bauzá lilikuwa la kitaalamu. Muziki wa Cuba unaongozwa na klave. Klave ni jina la vijiti viwili vya mti mgumu vinavyogonganishwa, na pia ni jina la mdundo vinaoupiga. Mdundo huo una mapigo matano yaliyogawanywa katika nusu mbili: nusu moja ina mapigo matatu na nyingine ina mawili. Hata vijiti visipopigwa, kila mwanamuziki huubeba mdundo huo kichwani, na kila anachokipiga hakina budi kukubaliana nao. Wasikilizaji wa rumba ya Kongo na wa nyimbo za zilipendwa wanaufahamu kwa masikio, hata kama hawajapata kulisikia jina lake.

Jazi ya Harlem ilijengwa kwa namna nyingine. Ilikwenda kwa mapigo manne yanayotembea, na ala za upepo zilibembea juu yake kwa uhuru. Mpangaji wa jazi asiyejua klave angeweza kuandika kifungu kizuri cha saksafoni ambacho kinakazia nusu ya mapigo mawili wakati ngoma ziko kwenye nusu ya matatu. Kwenye karatasi hakuna kosa. Ukumbini, wachezaji wanajikwaa.

Suluhisho la Bauzá lilikuwa kutochagua upande. Aliagiza mipango ya ala za upepo kwa John Bartee, aliyekuwa akiandikia bendi ya Calloway, ili tarumbeta na saksafoni ziwe na utajiri uleule wa sauti uliosikika katika bendi bora za weusi wa Marekani. Chini yake aliacha piano, besi na ngoma zibaki za Kicuba kabisa. Kisha yeye mwenyewe, mazoezini, alikaa katikati akirekebisha mahali ambapo sehemu hizo mbili zilikanyagana. Baadaye kazi hiyo iliendelezwa na René Hernández, mpiga piano na mpangaji mahiri kutoka Cuba. Polepole bendi ilizoea kusimamisha pamoja ngoma za aina tatu, yaani konga, bongo na timbale, kila moja ikijaza nafasi iliyoachwa na mwenzake. Mpangilio huo sasa ni wa kawaida katika bendi za namna hiyo popote duniani.

"Tanga"

Mwaka 1943 juhudi hizo zilizaa kipande kilichoitwa "Tanga". Msomaji wa Kiswahili asifikirie mji wa pwani ya Tanzania wala tanga la jahazi. Miongoni mwa Wacuba wa New York neno hilo lilikuwa jina la mtaani la bangi.

Inasimuliwa kwamba kipande hicho kilianza kwa bahati. Mpiga piano Luis Varona na mpiga besi Julio Andino walikuwa wakirudiarudia kifungu kifupi, na Bauzá akaona ndani yake msingi wa jambo kubwa zaidi. Mazoezini aliwaimbia wapiga saksafoni kifungu chao, kisha wapiga tarumbeta chao, akapanga sauti juu ya sauti kama mjenzi anavyopanga matofali. Juu ya jengo hilo mpigaji mmoja mmoja alisimama na kubuni papo hapo kwa lugha ya jazi, huku klave ikishika chini bila kuyumba.

Wanahistoria wengi wa muziki wanakihesabu "Tanga" kuwa kipande cha kwanza cha jazi kilichojengwa juu ya klave kutoka mwanzo hadi mwisho. Kabla yake, wanamuziki wa jazi walikuwa wamewahi kuonja mipigo ya Cuba kama kiungo cha pembeni. Katika "Tanga" hakuna anayemkaribisha mwenzake kama mgeni. Jazi na ngoma zinaishi nyumba moja.

Chano Pozo na Gillespie

Mwaka 1947 Gillespie, ambaye sasa alikuwa na bendi yake kubwa, alimwendea rafiki yake wa zamani akitaka mpiga konga. Bauzá alimkutanisha na Chano Pozo, mtunzi na mpiga ngoma aliyekuwa ametoka Havana karibuni. Pozo alikuwa amelelewa katika udugu wa siri wa Abakuá, ambao Waafrika wa Cuba waliurithi kutoka maeneo ya mpakani mwa Nigeria na Kamerun. Hakujua Kiingereza, na Gillespie hakujua Kihispania.

Tarehe 29 Septemba 1947 walipiga pamoja katika ukumbi wa Carnegie mjini New York. Mwezi Desemba mwaka huo walirekodi "Manteca". Pozo alileta vifungu vya besi na vya ala za upepo vilivyopandana, Gillespie akaongeza sehemu ya katikati yenye sauti za jazi, na Gil Fuller akaupanga wimbo mzima. Ukawa miongoni mwa vipande vinavyopigwa zaidi katika jazi yote. Ushirikiano huo ulidumu muda mfupi. Pozo aliuawa kwa kupigwa risasi katika baa mtaani Harlem mwezi Desemba 1948, akiwa na umri wa miaka 33.

Historia fupi za jazi huanza simulizi hii kwa Gillespie na Pozo, na zinaweza kufanya hivyo bila kusema uongo. Lakini aliyemwingiza Gillespie katika bendi ya Calloway, aliyemfundisha klave na aliyempa Pozo ni mtu mmoja.

Wakati huohuo bendi ya Machito ilikuwa ikisikilizwa na kila mwanamuziki wa New York. Wapiga ngoma wake walialikwa kurekodi na Stan Kenton. Charlie Parker, mpiga saksafoni aliyeibadilisha jazi ya zama zake, alirekodi nao mwaka 1948. Mwezi Desemba 1950 Parker alirudi kushiriki katika utungo mrefu wa Chico O'Farrill, mtunzi mwingine kutoka Havana aliyepanua mlango uliofunguliwa na Bauzá.

Palladium, na albamu iitwayo "Kenya"

Katika miaka ya 1950 makao ya muziki huo yalikuwa Palladium, ukumbi wa dansi ulioko Broadway. Machito, Tito Puente na Tito Rodríguez walishindana hapo kila wiki. Waliokuja kucheza mambo walikuwa watu weusi, Wapuerto Rico, Wacuba, Wayahudi na Waitaliano, katika jiji ambalo kumbi nyingi bado zilitenganisha watu kwa rangi. Ukumbini hapo kipimo kilikuwa miguu tu.

Mwezi Desemba 1957 bendi ilirekodi albamu iliyopewa jina "Kenya". Bauzá aliongoza muziki. Vipande kadhaa viliandikwa na A. K. Salim, mpangaji Mmarekani mweusi aliyekuwa Mwislamu. Miongoni mwa walioalikwa walikuwa mpiga saksafoni Cannonball Adderley na wapiga konga Cándido Camero na Carlos Valdés, aliyejulikana kama Patato. Kipande kingine cha albamu hiyo kinataja Kongo.

Wakati santuri hiyo inarekodiwa, Kenya yenyewe ilikuwa koloni la Uingereza chini ya hali ya hatari iliyotangazwa mwaka 1952, na habari zake zilisomwa katika magazeti ya dunia nzima. Ghana ilikuwa imepata uhuru miezi tisa kabla. Albamu haina hotuba wala maneno ya siasa, kwa kuwa karibu yote ni ala tupu. Lakini bendi iliyojitaja kwa asili ya Kiafrika tangu 1940 ilikuwa sasa ikiweka jina la nchi ya Kiafrika kwenye jalada lake. Wataalamu wengi wanaihesabu miongoni mwa albamu bora za muziki huo.

Mito miwili ya chanzo kimoja

Ni muhimu kutochanganya mambo. Muziki wa Cuba haukufika Kongo na Afrika Mashariki kwa njia ya bendi ya Bauzá. Ulifika kwa santuri. Kuanzia mwaka 1933, kampuni ya Kiingereza ilianza kuuza barani Afrika mfululizo wa santuri za Kicuba zilizotambulika kwa herufi GV, na miongoni mwake ulikuwamo ule wimbo wa muuza karanga wenye sauti ya Machín. Huyu ndiye Machín ambaye Bauzá alijifunzia tarumbeta kwa ajili yake.

Santuri hizo zilisikilizwa Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, na katika miji mingine mingi. Watu wa Kongo walisikia ndani yake kitu chao kilichokwenda ng'ambo na kurudi. Kutokana na hapo zilizaliwa African Jazz ya Joseph Kabasele na OK Jazz ya Franco. Mwaka 1960 Kabasele na wenzake waliimba uhuru wa Kongo kwa mwendo wa cha-cha-cha, ambao ni mwendo wa Cuba. Tanzania Bara nako, Morogoro ilikuwa na Cuban Marimba Band ya Salum Abdallah.

Hapa kuna jambo la kufurahisha. Katika eneo letu bendi nyingi zilijiita "Jazz": Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz, Western Jazz. Muziki zilioupiga ulikuwa dansi yenye damu ya Cuba zaidi kuliko jazi ya Marekani. Bauzá, akiwa New York, aliziunganisha kwa noti zile asili mbili ambazo bendi zetu ziliziunganisha kwa jina. Mwaka 2016 rumba ya Cuba iliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni usioshikika, na mwaka 2021 ikafuata rumba ya Kongo. Mito hiyo miwili ina chanzo kimoja, na Bauzá alikuwa akilisema hilo tangu 1940.

Miaka ya ukimya na kurejea

Miaka ya 1960 ilibadili mambo. Uhusiano wa Marekani na Cuba ulivunjika, ukumbi wa Palladium ukafungwa mwaka 1966, na vijana wakafuata rock. Katika miaka ya 1970 muziki wa asili ya Cuba ulirudi sokoni kwa jina jipya la salsa. Bauzá hakulikubali jina hilo hadi mwisho wa maisha yake. Kwake salsa ilikuwa mchuzi wa jikoni, na muziki ulikuwa na jina lake tayari. Hakupenda pia istilahi ya jazi ya Kilatini, kwa sababu iliondoa neno Afrika ambalo yeye na Machito walilipigania.

Mwaka 1975 mashemeji hao walitengana kikazi baada ya miaka 35. Machito alitaka kuzuru Ulaya na kundi dogo, na Bauzá aliona kwamba bendi waliyoijenga haipaswi kupunguzwa. Graciela aliondoka pamoja na Bauzá, na mwaka 1977 wakatoa albamu "La Botánica", ambayo haikupata wasikilizaji wengi. Machito alitunukiwa Grammy mwaka 1983, akafariki London mwezi Aprili 1984 alipokuwa ziarani.

Bauzá aliendelea kuishi Manhattan, akizungukwa na wanamuziki vijana waliokuja kumsikiliza. Alipofikisha miaka 80, mwaka 1991, mlango ulifunguka. Kampuni ya santuri ya Ujerumani, Messidor, ilimpa nafasi ya kurekodi na bendi kubwa chini ya jina lake mwenyewe. Albamu ya kwanza, iliyotoka 1992, ilikuwa "Tanga", kile kipande cha 1943 kilichopanuliwa na O'Farrill kuwa utungo wa sehemu kadhaa. Ya pili, yenye jina linalomaanisha kwamba wakati wake umewadia, ilifuata. Ya tatu ilirekodiwa miezi michache kabla ya kifo chake na kutoka mwaka 1994. Inaitwa "944 Columbus", anwani ya nyumba yake. Bendi ilizuru Ulaya, na wasikilizaji wakamwona kwa mara ya kwanza mbele ya jukwaa yule aliyekuwa nyuma yake kwa nusu karne.

Urithi

Urithi wa Bauzá hauwezi kupimwa kwa idadi ya nyimbo alizotunga, ambazo si nyingi. Unapimwa kwa namna ya kufanya kazi. Aliamini kwamba desturi mbili za muziki zinaweza kukutanishwa bila mojawapo kudhalilishwa, kwa sharti kwamba kila moja ijulikane kwa undani. Hakuruhusu ngoma ziwe pambo, wala hakuruhusu ala za upepo zipigwe kivivu kwa kisingizio kwamba ni muziki wa dansi tu.

Namna hiyo inaendelea. Bobby Sanabria, aliyempigia ngoma katika bendi yake ya mwisho, aliwafundisha wanafunzi wa chuo cha muziki cha Manhattan albamu nzima ya "Kenya", wakaipiga upya mbele ya hadhira na kuitoa mwaka 2009. Vijana ambao hawakuwa wamezaliwa Palladium ilipofungwa walijifunza mahali pa kukaza na mahali pa kuachia, nusu ya mapigo matatu na nusu ya mapigo mawili.

Kwa msikilizaji anayetaka kuanza, njia nyepesi ni kuanza na "Kenya" ya 1957, kwa sababu sauti yake ni safi na vipande ni vifupi. Kisha arudi nyuma kwenye "Tanga" kama ilivyorekodiwa na bendi ya Machito mwishoni mwa miaka ya 1940, na amalizie na ile ya 1992. Aweke kando kwanza tarumbeta na waimbaji, atafute kwa sikio mapigo matano ya klave. Akishayapata, atasikia pia alipokuwa amekaa Mario Bauzá.